Kuzima, kuwasha na kupumzisha: joto ndani ya king'amuzi cha Mama

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki mbili hivi. Walioniandikia barua pepe kuniuliza nimepotelea wapi nawashukuru. Sijaugua wala sijahama. Nilikuwa nikienda na kurudi Rongai kwa Mama kwa sababu ya king'amuzi chake cha televisheni. (Ni Rongai ya Nakuru, upande wa Salgaa, kwenye mashamba ya mahindi, si ile ya Nairobi yenye matatu za muziki wa kupasua masikio. Kila nikiitaja kuna msomaji anayechanganya.) Kwa hivyo leo sitaandika sana kuhusu programu, ingawa programu ndizo zilizonipotosha.

Mambo yalianza Desemba. Mama alinipigia simu akasema televisheni inakatakata. Picha inavunjika vipande vipande kama vigae, sauti inakwaruza, halafu picha inaganda kabisa na mtangazaji anabaki mdomo wazi. Yeyote aliyewahi kuishi na king'amuzi anazijua dalili hizo, na kwa kawaida tunasema ni mawimbi hafifu. Nami nikasema hivyo hivyo, nikiwa nimeketi kwangu Section 58, bila kuona kitu. Nikamwambia ni antena. Akamwita fundi wa hapo karibu, antena ikapandishwa juu ya bomba refu zaidi, ikaelekezwa upya, fundi akalipwa shilingi 1,500. Siku mbili baadaye simu ikaja tena. Bado inakatakata.

Nikamwambia zima, uwashe.

Alizima, akawasha, ikakaa sawa kidogo, ikaharibika. Nikamwuliza, asubuhi inakuwaje? Akasema asubuhi ni nzuri kabisa, inaanza kusumbua baadaye. Hapo nikafurahi, kwa sababu nilidhani nimeshamkamata mwizi.

Nieleze nilivyofikiri, maana ndipo kosa langu lilipo. Kazi yangu ni kuandika programu zinazokaa kwenye seva mchana na usiku. Nikisikia kitu kinaanza vizuri kikiwashwa kisha kinaharibika polepole kadiri saa zinavyopita, jibu linalonijia kichwani ni moja, kumbukumbu inavuja. Kwa wasiojua, ni hivi. Programu inaomba nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine, inaitumia, kisha inasahau kuirudisha. Saa ya kwanza huoni lolote. Saa ya tatu nafasi imejaa na mashine inayumba. Ukizima na kuwasha, kumbukumbu yote inafutwa na unaanza upya na ukurasa mweupe. Nimewahi kukesha na mdudu wa namna hiyo hadi jogoo wakawika, na tangu siku hiyo ninamwona kila mahali, hata pale asipokuwepo.

Basi Jumapili moja ya Januari nikaenda na flashi yenye programu mpya ya ndani ya king'amuzi, nikaiweka, nikakirudisha katika hali ya kiwandani, nikanywa chai, nikarudi mjini kabla giza halijaingia. Ilikuwa dakika ishirini za kazi. Nilijisikia mtaalamu.

Sikufikiria kwamba kukirudisha katika hali ya kiwandani ni kufuta orodha ya chaneli. Mama hazijui stesheni kwa majina yaliyoandikwa kwenye kiwambo, anazijua kwa namba kama tulivyokuwa tukijua namba za simu zamani. Namba 1 habari, namba 4 misa, namba 7 ile stesheni ya lugha ya kwetu. Binti wa jirani alimpangia hivyo king'amuzi kilipokuwa kipya. Baada ya mimi kupita, chaneli zilijipanga upya zinavyotaka zenyewe, zikiwemo zile zinazouza sufuria na dawa za nguvu mchana kutwa. Nilimpigia jioni kuuliza. Akasema, "Sawa, baba, nitazoea."

Baada ya hapo simu za king'amuzi zikakoma, nami nikahesabu kazi imekwisha.

Katikati ya Februari nilipita bila kuaga, nikitokea Mogotio kwa shughuli nyingine. Ilikuwa saa kumi alasiri. Nikamkuta ameketi kwenye kiti chake, mikono mapajani, akiitazama televisheni iliyozimwa. Tangu Mzee atutoke ile televisheni ndiyo sauti nyingine katika nyumba hiyo, na sikumbuki kuikuta imezimwa saa kama hiyo. Nikauliza kama stima imepotea.

"Ipo. Kinapumzika."

"Nini kinapumzika?"

"Hicho king'amuzi. Kikipumzika tangu mchana, saa moja jioni kinakuwa na nguvu, napata habari mpaka mwisho. Nikikiwasha sasa kitachoka kabla ya habari."

Alikuwa amekifanyia utafiti kwa wiki nne nzima. Alijua kwamba akikizima kwa muda wa kuchemsha chai tu hakitoshi. Akikizima kwa saa mbili anapata kama dakika arubaini za picha safi. Siku za jua kali kinachoka haraka, siku za mawingu kinavumilia. Jumapili ilibidi achague kati ya misa ya asubuhi na kipindi cha mchana. Hakuniambia kwa sababu, alisema, ningekuja tena na ile flashi.

Nilisimama pale mlangoni nikiona aibu. Uvujaji wa kumbukumbu haujui kama umezima kwa sekunde tano au kwa saa mbili; ukizima tu, umekwisha. Lakini joto linajua. Ingetosha kuuliza swali moja kwa simu mwezi wa Desemba: ukizima na kuwasha papo hapo inakuwaje, na ukizima ukangoja nusu saa inakuwaje? Majibu yakitofautiana, acha programu, shika bisibisi. Jaribio hilo halihitaji kifaa chochote. Mama alilifanya mwenyewe kwa lugha yake, akaniambia na matokeo, "kinachoka", na mimi nikasikia ni maneno ya mama mzee.

Kabla sijaendelea, kwa wale wanaojiuliza kwa nini kidude cha kupokea picha kichoke. Televisheni ya zamani ilipokea mawimbi na kuyageuza picha moja kwa moja. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali tarehe 9 Desemba 2009, na mwaka 2015 mitambo ya analojia ikazimwa, kwa kuwa nchi nyingi zilikubaliana kuhama ifikapo tarehe 17 Juni mwaka huo. (Mtakumbuka ule mvutano wa Februari 2015, KTN, NTV na Citizen zilipokosekana hewani kwa zaidi ya wiki mbili. King'amuzi cha Mama kilinunuliwa wakati huo huo, kwa hofu.) Sasa kinachokuja kwenye antena ni mfululizo wa tarakimu zilizobanwa, stesheni kadhaa zikiwa zimefungwa katika wimbi moja. Mtu lazima azifungue, arekebishe zilizoharibika njiani, azikunjue ziwe picha 25 kila sekunde. Mtu huyo ni prosesa moja ndani ya king'amuzi, chipu ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Haina mapumziko kati ya picha na picha, na kila hesabu inayofanya inaacha joto kidogo. Joto hilo lisipopata njia ya kutoka, chipu inaanza kukosea hesabu, na hesabu iliyokosewa inaonekana kwenye kioo kama vigae vilevile vya mawimbi hafifu. Ndiyo maana sote tulikimbilia antena.

Kulikuwa na dalili nyingine ambayo ningeiona kama ningeitafuta. Nilikiwasha mbele yake, tukangoja mpaka picha ikaanza kuvunjika, nikafungua ukurasa wa nguvu za mawimbi. Mstari wa ubora ulikuwa pale pale ulipokuwa mwanzoni, haukutikisika. Mawimbi yalikuwa yanaingia vizuri, ila aliyekuwa akiyasoma ndiye aliyechoka. Zile shilingi 1,500 za bomba nimezirudisha, ingawa Mama anasema antena ikiwa juu inapendeza.

Sasa king'amuzi chenyewe. Kilikuwa kimekaa juu ya kabati, kimegusana na ukuta, na juu yake kitambaa. Ni kile kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, kilichokaza, kilichopigwa wanga, kama vile vilivyo juu ya kila kiti na kila meza katika nyumba nyingi za akina mama wa Kenya. Kilifunika matundu yote ya juu. Nikaweka mkono chini ya kitambaa. Nikauondoa haraka.

"Mama, hiki kitambaa ndicho kinakipika."

"Na vumbi?"

Nikanyamaza, kwa sababu hilo ni swali la haki. Jina lenyewe la Nakuru, kama wazee wanavyolieleza, linatokana na Kimaasai na maana yake ni mahali penye vumbi. Januari na Februari mashamba yakiwa yamelimwa na mvua haijafika, upepo unainua vumbi hadi linasimama kama nguzo na kutembea kuvuka barabara. Linaingia chini ya mlango, linaingia ndani ya sukari iliyofunikwa. Mama hakuweka kitambaa kwa urembo tu. Alikuwa akikilinda king'amuzi kwa njia aliyoijua. Ukikiacha wazi kinajaa vumbi, na vumbi likishalala juu ya chipu linakuwa blanketi. (Pale Kariandusi, ukitoka Gilgil kuja Nakuru, kwa miaka mingi kumechimbwa diatomaiti, ule unga mweupe, moja ya kazi zake viwandani ni kuzuia joto lisipite. Vumbi letu si diatomaiti, lakini mnaelewa ninachosema.) Ukikifunika, joto halitoki.

Usiku ule nililala huko huko. Habari zilipokwisha nikachomoa king'amuzi na kukifungua juu ya meza ya kulia.

Neno la tahadhari hapa, tafadhali msirukie bisibisi. King'amuzi cha Mama kinatumia adapta ya nje ya volti 12, kwa hivyo ndani hakuna cha kumuua mtu. Vingine waya wa stima unaingia moja kwa moja, na humo ndani kuna kapasita inayoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa. Kama waya wako unaingia moja kwa moja ukutani, mpelekee fundi.

Nilipokigeuza kufungua skrubu, kitu kikalia ndani. Kach, kach. Mama akasema bila kuinua kichwa kutoka kwenye ufumaji wake, "Hiyo njugu ilianza kabla ya Krismasi. Nilikuambia."

Aliniambia kweli. Nakumbuka nilicheka.

Njugu ilikuwa bamba la kupozea. Juu ya prosesa kiwandani walikuwa wamebandika kibamba cha alumini chenye mapezi, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20 hivi, kwa utepe wenye gundi pande mbili. Miaka ya joto na baridi ilikuwa imeukausha ule utepe ukawa kama ganda la kitunguu, kibamba kikabanduka, kikawa kinatembea ndani ya sanduku kila Mama alipokiinua kufuta vumbi. Prosesa ilikuwa uchi. Na tulikuwa na bahati, maana kipande cha chuma kinachotembea juu ya bodi yenye umeme kingeweza kuunganisha nyaya mbili zisizopaswa kukutana, na hadithi ingeishia hapo. Vumbi nalo lilikuwepo, la rangi ya udongo, laini kama poda, limeshikana kwenye kona zote licha ya kitambaa.

Multimita yangu ni ya bei ya chini lakini huja na waya wa kupimia joto. Nikaubana juu ya prosesa, nikakirudisha kifuniko na kitambaa kama vilivyokuwa, nikawasha na kuandika kwenye daftari kila dakika tano kama mtoto wa shule. Chumba kilikuwa na nyuzi 24. Dakika ya kumi, 71. Dakika ya ishirini, 83. Dakika ya thelathini na tano, 94, na vigae vya kwanza vikatokea usoni mwa mhubiri fulani. Hizo ni nyuzi za mgongo wa chipu; ndani kwenye silikoni yenyewe ni joto zaidi. Chipu za vifaa vya nyumbani hutengenezwa zikitarajia hewa inayozizunguka isipite nyuzi 70, na silikoni yenyewe huwekewa kikomo cha kama 105 hadi 125. Haikuwa mbali na ukingo.

Kinachoshangaza ni udogo wa joto lenyewe. Nilipima umeme unaoingia: volti 12, ampea 0.45, yaani wati 5 na nusu kwa sanduku zima. Ni chini ya balbu ya kisasa ya sebuleni. Taabu ni kwamba sehemu kubwa yake inatoka mahali padogo kama kucha ya kidole gumba, na kutoka hapo lazima lifike hewani. Hewa yetu nayo ni nyepesi. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na kwa urefu huo hewa ina uzito wa kama asilimia 80 tu ya hewa ya Mombasa. Hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Hatulioni hilo kwa sababu sisi wenyewe tunahisi baridi, tunavaa sweta, tunadhani mashine nazo zinastarehe.

(Nje kidogo ya mada: stima iliyokuwa ikikipika kile king'amuzi huenda ilitoka Olkaria, kwa joto la ardhini la bonde hili hili, mtambo wa kwanza kule, wa megawati 15, ulianza mwaka 1981. Ukipita Naivasha ukaona mvuke mweupe unapaa kwenye mitambo ile, sehemu yake ni kazi ya kupoza. Hata wale wanaouza joto wana shughuli ya kulitupa.)

Wazo langu la kwanza lilikuwa feni. Kila mtu wa kompyuta wazo lake la kwanza ni feni. Nina feni ndogo kadhaa za volti 12 kwenye droo na ningeweza kuichomeka hapo hapo. Lakini feni inavuta hewa, na Rongai hewa ya Februari ni vumbi. Baada ya miezi mitatu feni ingekuwa imejaza sanduku, miezi sita ingekuwa inalia kama nzi, na mwaka ukiisha imekufa na tumerudi nyuma ya pale tulipoanzia. Hapana. Kitu cha kukaa kwa Mama, ambako mimi sipo, kisiwe na kinachozunguka.

Asubuhi nikapanda matatu hadi mjini, nikaenda kwa fundi mmoja kwenye vichochoro vya karibu na soko la Wakulima, mtu ambaye huwa ninamwuzia kompyuta mbovu. Nilimwekea bodi mezani. Hakuuliza kitu, aliweka kidole kwenye doa jeusi la gundi iliyokauka, kisha akagusa kapasita moja kandokando yake. Kichwa chake kilikuwa kimeumuka. Mimi sikuwa nimeiona.

"Umeiweka programu mpya?" akaniuliza.

Nikakubali.

"Nyinyi watu wa kompyuta huwa mnaanza na flashi."

Hiyo kapasita inastahili maneno mawili, kwa sababu ndiyo ingeniaibisha tena baada ya mwezi. Zile za aina hii zina maji maji ndani, na joto huyakausha. Kanuni wanayoitumia mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinapopanda, maisha yake yanapungua nusu. Ikikaa karibu na prosesa iliyo uchi, inazeeka miaka kwa miezi. Ningeweka bamba jipya na kuacha hiyo, picha ingetulia kidogo, kisha king'amuzi kingeanza kukataa kuwaka asubuhi, nami ningesema, bila shaka, ni programu.

Gharama zilikuwa hivi. Bamba la alumini lililong'olewa kwenye kompyuta iliyokufa, pana kuliko lile la mwanzo karibu mara mbili, shilingi 100. Bomba dogo la pesti ya kupitisha joto, 150. Kapasita ya maikrofaradi 470, ile inayostahimili nyuzi 105, shilingi 20, na kuilehemu 150 kwa sababu mkono wangu unatetemeka na sitaki kujifanya. Gundi ya mirija miwili ya kuchanganya, 180. Jumla 600. Mama alikuwa ameambiwa na duka moja anunue king'amuzi kipya cha 3,500.

Namna ya kubandika inawasumbua wengi, basi nieleze. Bodi haikuwa na matundu ya kufungia bamba kwa skrubu. Ukitumia gundi peke yake joto halipiti vizuri, na ukitumia pesti peke yake bamba linateleza na kuanguka. Nilisafisha mgongo wa chipu kwa spiriti na pamba mpaka maandishi yake yakasomeka. Nikaweka pesti katikati, tone kama punje ya mchele, si zaidi. Kazi yake ni kujaza vinyweleo ambavyo macho hayavioni, na ikiwa nene inakuwa kizuizi. Kisha gundi ya kuchanganya kidogo sana kwenye pembe mbili zinazotazamana. Nikaweka kitabu juu na kuacha hadi kesho yake. Chini ya sanduku nikagundisha vifuniko vinne vya soda viwe miguu, ili hewa iingie kwa chini, na kabati likasogezwa mbele kwa upana wa kiganja kutoka ukutani.

Nikapima tena, kimefungwa, bila kitambaa. Saa tatu mfululizo. Kilipanda hadi 63 kikatulia hapo. Nikakiacha kiwake hadi usiku wa manane, Mama akatazama habari za saa moja, za saa tatu, na filamu moja ambayo hakuipenda lakini hakuizima. Hakuna kigae hata kimoja.

Asubuhi yake nikakuta kitambaa kimerudi.

Sikubishana. Nilikuwa nimejifunza jambo moja wiki ile. Nikawasha multimita, nikakaa. Kwa kitambaa kile kilichokaza kilipanda hadi 78. Kilifanya kazi, picha haikuvunjika, lakini nikifikiria ile kapasita sikufurahi, nikamwonyesha Mama daftari. Bila kitambaa 63, nacho 78. Alivaa miwani akazitazama zile safu mbili kwa muda.

"Na nikikifuma chenye matundu?"

"Matundu makubwa kiasi gani?"

Akanionyesha kwa kidole.

Jumamosi iliyofuata alikuwa amekimaliza. Kimefumwa kwa uzi ule ule mweupe, lakini matundu yake ni mapana kiasi kwamba kidole kinapita, na pembe nne zina vishikizo vya kukining'iniza kwenye vijiti alivyovichomeka kwenye kabati, kwa hivyo kinakaa juu ya king'amuzi kama paa la hema bila kukigusa. Mwenyewe anakiona kibaya. Anasema mgeni atadhani uzi uliisha. Akaongeza kwamba kila Jumamosi atakifua, vumbi litoke nacho. Nikapima: 66. Nyuzi tatu tu juu ya kukiacha wazi. Vumbi litapungua kiasi gani sijui bado, nimejiwekea tarehe ya mwezi wa Agosti kukifungua tena na kutazama.

Limebaki lile la chaneli nilizozifuta. Mama ametoa daftari lenye namba zote za zamani, alizokuwa ameziandika kwa kalamu ya risasi siku ile binti wa jirani alipompangia, na hakuwahi kunionyesha kwa sababu sikuuliza. Tuliketi kuzirudisha moja moja, yeye anasoma, mimi nabonyeza. Tulipofika namba 7 stima ikapotea.

Nitamalizia Jumamosi.